Hapa Tuko Wawili Tu

Mtaa wa vitambaa siku ya Jumamosi hauna adabu. Watu wanakanyagana, wenye maduka wanaita kwa makofi, na ukisimama kukagua lesi unasukumwa mpaka unajikuta dukani kwa jirani. Ndivyo alivyosukumwa fundi wa magauni ya harusi, na gauni lake la kijani na utepe wa kupimia shingoni, hadi akamgonga mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri kwa pasi.

Alimjua papo hapo. Ni muuguzi wa kliniki ya kifafa, yule aliyemhoji siku ya kwanza alipokwenda. Mwanamume akamtazama kama mtu anavyotazama nguzo, akasema, "Samahani, dada," akapita zake.

Fundi akamfuata, hasira zimempanda. "Wewe! Unajifanya hunijui?"

Akageuka, na uso ukamchangamka. "Sasa nakujua. Hujambo?"

"Sasa? Na dakika ile je?"

"Sisi hatumsalimii mgonjwa njiani mpaka aanze yeye. Nikikuchangamkia mbele ya watu wataniuliza tumejuana wapi. Niwajibu nini?"

Hapo fundi akamwelewa. Ugonjwa wake aliujua mama mdogo aliyemlea, basi. Nani angempelekea mwenye kifafa gauni la bibi harusi? Wangesema ameshonewa mkosi kwenye pindo, na duka lingefungwa kabla ya mwezi kuisha.

"Kumbe una adabu," alisema. "Nilidhani una maringo."

"Vyote viwili ninavyo. Unashona?"

"Nashona."

"Basi wote tunakula kwa sindano. Ila wateja wako hawalii."

"Hujawaona wakijaribu gauni baada ya kunenepa!"

Wakacheka, na kicheko kikawapeleka mbali. Muuguzi alipoona moyo umeshakwenda, alimkabidhi mwenzake kazi ya kumhudumia fundi. "Siwezi kukupenda na kukupima presha kwa mkono mmoja," alisema. Kila mchana simu ililia katikati ya cherehani.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Na dawa?"

"Unauliza kama nani?"

"Kama mtu anayetaka uishi mpaka uzeeke umchoshe. Halafu kuna swali nataka kukuuliza, lakini si la kwenye simu."

"Uliza bwana!"

"Nimesema si la kwenye simu."

Fundi alimpenda tangu ule mchana wa mahojiano, ingawa alichelewa kujua. Muuguzi alifunga mlango, akavuta kiti karibu, akamwambia, "Chukua muda wako. Hapa tuko wawili tu." Naye akatoa neno ambalo hata mama mdogo hakuwahi kulisikia, namna anavyojua, kwa harufu na kwa sauti, kwamba anakaribia kuanguka. "Kwanza mpira unaungua. Kisha mama ananiita kutoka nyuma, nami sigeuki." Mama yake alikuwa amekwishafariki, na fundi aliamini kwamba siku akigeuka hatarudi.

Alilisema mara moja tu, kwa mtu mmoja tu.

Kisha akaja bibi harusi mmoja kujaribu gauni. Alisimama juu ya stuli, pini kila mahali, huku fundi akinyoosha mkanda mezani. Pasi ikagusa lastiki. Harufu ikapanda. Bibi harusi akanusa, akacheka, akaigeuza sauti yake ikawa nzito na ya polepole.

"Kwanza mpira unaungua," alisema. "Kisha mama ananiita kutoka nyuma, nami sigeuki."

Fundi aliiacha pasi, akarudi kwenye stuli na kushika pindo lenye pini. Ni maneno yake yaleyale, kwa mpangilio uleule, yanatoka kinywani mwa mtu aliyemjua juzi.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Aa, hadithi ya mama tu ya kututisha. Ya binti mmoja marehemu. Fundi, mbona umenichoma na pini?"

Mteja alipoondoka, fundi alipiga simu.

"Umemwambia nani?"

"Nimemwambia nini nani, Sindano?"

"Mpira! Mama yangu! Nimeyasikia leo dukani, na mimi wananiita marehemu!"

"Sijasema kwa mtu yeyote. Wala kwa mwenzangu wa kazi."

"Mle ndani tulikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Basi hesabu mwenyewe," akasema, akakata.

Usiku hakulala vizuri. Alihisi ameachwa nje uchi, na aliyemvua ni yule aliyemwamini. Hilo ndilo lililomuuma kuliko hofu yenyewe.

Dawa zilipoisha alirudi kliniki kwa shingo upande. Ili asipite mlangoni kwa muuguzi, alizunguka nyuma, kupitia chumba cha kufulia mashuka. Mvuke ulijaa mle ndani. Mwanamke mtu mzima alikuwa akikunja mashuka peke yake, ametulia. Fundi alikuwa ameshavuka nusu ya chumba ukuta uliposema.

"Chukua muda wako. Hapa tuko wawili tu."

Fundi akaganda. Sauti ilitoka nyuma ya kabati, ya mbali na yenye mkwaruzo, lakini angeitambua hata kaburini. Baada yake ukuta ukaanza kulia, kilio cha mzee. "Nimemwangusha mjukuu wangu," ukuta ulisema. "Nilikuwa nimembeba, nikaanguka naye."

"Usiogope, mwanangu," alisema yule mama, akiendelea kukunja. "Ni marehemu wa hapa hospitali. Huyo wa kwanza ni malaika anawahoji."

"Malaika?"

"Tena mpole. Nadhani ni wa zamu ya mchana, maana jioni hatumsikii. Sisi tunawaombea tu. Kuna binti mmoja, wa mpira unaoungua, huyo nimemlilia. Hata nyumbani nimewasimulia."

"Mama, una binti anayeolewa?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda. Umejuaje?"

Fundi alivuta kabati. Nyuma yake ilikuwapo spika kuukuu, imepakwa rangi pamoja na ukuta, ya enzi chumba kile kilipokuwa ukumbi wa kusubiria. Akapanda ngazi mbiombio, akagonga mlango aliokuwa akiukwepa.

"Funga mdomo!" alimwambia muuguzi alipofungua. "Kipaza sauti chako kiko wapi?"

Kilikuwa mezani. Kila asubuhi muuguzi alikibonyeza kwa mazoea amwite mgonjwa wa kwanza. Kwenye ukumbi wa sasa hakikusikika, naye akakilaani na kwenda kuita kwa mdomo mlangoni. Alikiamini kimekufa. Kumbe kitufe kilikuwa kimenasa ndani, na sauti ilishukia kwenye spika ile ya zamani. Alikichokoa kwa ukucha, kikaruka kwa mlio mdogo. Yule mzee aliyekuwa analia aliwatazama wote wawili bila kuelewa.

"Kwa hiyo ni kweli," muuguzi alisema. "Nilikuanika mwenyewe."

"Hukujua."

"Nilifunga mlango nikakuahidi, Sindano. Nilimwahidi kila mtu."

Alianza na yule mzee palepale. Kisha yeye na mkuu wa kliniki wakawaita wagonjwa mmoja mmoja, wakawaeleza. Wapo waliomsamehe, wapo waliomtukana, wapo waliohamia kliniki nyingine. Fundi alipigiwa simu mara moja tu.

"Sitakusalimia tena mpaka unisalimie," sauti ilisema. "Hiyo ni haki yako, na nilikunyang'anya."

Fundi alimkumbuka kupita kiasi. Alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Hasira ilikuwa imekwisha zamani. Kilichobaki ni uoga, na aliujua kwa jina: akimsalimia njiani, watu watauliza wamejuana wapi.

Jumamosi moja alikuwa mtaa wa vitambaa na yule bibi harusi, wanachagua shela, watu wamejaa tele. Akaliona shati jeupe. Muuguzi alimwona pia, maana hatua zake zilisita. Kisha akamtazama kama nguzo na kupita. Alikuwa amekonda.

Fundi alihisi mtaa mzima unamsubiri. Akavuta pumzi.

"Wewe muuguzi!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Muuguzi wa kliniki ya kifafa! Unampita mgonjwa wako bila salamu?"

Watu wakageuka. Muuguzi naye akageuka. Shela ikamponyoka bibi harusi.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo, "yule binti wa mpira... ni wewe?"

"Ni mimi, na sijafa. Gauni lako limebaki pindo tu. Ukitaka kulipeleka kwa mwingine, lipeleke."

Bibi harusi aliokota shela, akaikung'uta vumbi taratibu. "Mama anakuombea kila siku," alisema. "Nani mwingine anishonee?"

Muuguzi alikuwa amefika. Machozi yanamlengalenga. "Sindano, watu wote wanatusikiliza."

"Waache wasikilize. Lile swali lisilokuwa la kwenye simu, uliza."

"Hapa? Katikati ya soko?"

"Chukua muda wako," fundi alimwambia, akamshika mkono. "Hapa tuko wawili tu."