Mto Uliokaliwa na Mtaa Mzima

Kila siku akitoka shuleni, Kifuu alikuwa na kazi tatu: kuvua viatu mlangoni, kumtungia mama yake uzi kwenye sindano, na kukasirika. Hiyo ya tatu hakutumwa na mtu. Jina alipewa na kaka yake kwa sababu ya moto wa kifuu cha nazi, ule unaolipuka ghafla, ukaunguza nyusi za mpishi, kisha ukazimika kabla maji hayajachemka.

Mama yao alikuwa mdarizi. Chumba cha mbele kilijaa vitambaa vya meza, foronya na vipande vya nyuzi vilivyong'ang'ania soksi za kila aliyepita. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na alitaka cherehani ya kudarizi. Ilikuwepo moja dukani, imetumika kidogo. Mwenye duka alikubali kumngoja mpaka Jumamosi. Baada ya hapo, alisema, cherehani haina undugu na mtu.

Hela ilikuwepo, ila si chini ya godoro. Wateja wa ng'ambo walimlipa mama kwa sarafu za kidijitali, zile zisizoshikika wala kulia zikianguka. Mwanzoni alizihifadhi kwenye soko la sarafu la mtandaoni, kama wengi. Kisha soko moja la namna hiyo likafunga milango asubuhi, na fundi viatu wa jirani, aliyeweka humo jasho lake lote, akabaki anaifokea simu yake kama anayegombana na mbuzi. Mama hakungoja zamu yake. Alihamishia sarafu kwenye mkoba wake mwenyewe, ndani ya simu. Mkoba huo ulimpa maneno kumi na mawili ya siri, yenye mpangilio wake. Simu ikiharibika, maneno hayo yangeufungua mkoba kwenye simu nyingine. Maneno yakipotea, hakuna ofisi ya kwenda wala meneja wa kumkunjia ngumi.

Alhamisi, simu ya mama ikateleza mezani, ikapiga mbizi kwenye beseni la rangi ya nyuzi. Ilitoka ya buluu na bubu. Kaka mtu akapandwa na hasira: simu, beseni na meza, vyote vikapata sehemu yake. Mama akacheka tu.

"Simu ni ganda, baba," alimwambia. "Kifuu, niletee ule mto wa kabatini."

Kifuu akatazama vidole vyake vya miguu. "Mto gani?"

"Wenye chura na ngazi."

Hapo ndipo mama alipowafunulia siri. Maneno yake hakuyaandika, maana karatasi husomwa na kila mwenye macho. Aliyadarizi kwa picha juu ya mto, moja baada ya nyingine, kuanzia pembe yenye fundo jekundu. Kisha akakipumzisha kichwa chake na kuuachia mto kazi ya kukumbuka. Nani angeiba mto wenye chura na ngazi?

Kweli, hakuna aliyeuiba. Kifuu alikuwa ameuuza.

Alipolisema hilo, kaka yake aliruka kama aliyekalia sindano. Kifuu naye akawaka. Aliambiwa na nani kwamba mto ule una maana? Wanaficha mambo yao, halafu wakiumbuka mtoto ndiye mbaya. Alisema mengi, na sehemu fulani ilikuwa kweli, lakini ukweli uliovaa kelele hausikiki.

Mama alikuwa ameacha kucheka. Hasira yake haikuwa ya kifuu. Ilikuwa ya mkaa, isiyo na moshi wala mwanga, lakini usiiguse. Aliuliza mambo mawili tu: nani aliununua, na hela iko wapi. Mto ulikuwa kwa kinyozi. Hela ilikuwa tumboni, imekuwa biskuti.

Walimkuta kinyozi ameinama juu ya mteja mwenye povu shavu moja. Kiti chake kilikuwa kibovu, na chini ya mteja, umebonyea kama chapati, ulikuwa mto. Utajiri wote wa mama umekaliwa na mtaa mzima.

Kinyozi hakupenda habari za kurudisha. Alilipa hela yake, alisema, na hakumvamia mtu. Kaka akafungua mdomo kueleza mto ule una nini, mama akamfinya mkono mpaka akasahau sentensi. Siri ikitajwa kwa kinyozi, jioni inajulikana na kuku. Mama akaahidi mito miwili mipya badala ya mmoja.

"Miwili, lakini isiwe na chura," kinyozi alinung'unika. "Huyu aliwakwaruza wateja hata nikamgeuzia chini."

Mteja akaambiwa ainuke. Alisimama na nusu ya ndevu zake, amenuna.

Nyumbani, mama alishika mto chini ya taa, kaka akaweka simu yake tayari. Chura. Ngazi. Kijiko. Kidole cha mama kilitembea juu ya picha, na kaka akaandika. Kilipofika baada ya kuku, kikasimama. Hapakuwa na picha. Palikuwa na matundu madogo tu.

Mama alifumba macho, akakuna kichwa, akafumbua. Hakukumbuka. Walijaribu mti, wakajaribu nyumba, mkoba ukakataa. Kaka akasema ni kinyozi na wateja wake wenye suruali ngumu, wameisugua picha mpaka imetoka, na sasa watamtambua. Akaanza kuvaa viatu.

Kifuu angeweza kunyamaza. Lawama ilikuwa imeshapata mtu wa kuibeba. Akakasirika, na safari hii alijikasirikia mwenyewe.

"Kinyozi hana kosa," alisema. "Nimeifumua mimi, kwa pini."

Kaka akabaki na kiatu kimoja mkononi.

"Nilikuwa mimi pale, mama. Mashavu yamevimba, nyusi zimekutana. Ulinidarizi katikati ya kuku na ndoo ili watu wanicheke. Ndiyo maana nikauuza."

Mama alimtazama, kisha akatazama matundu.

"Neno lilikuwa hasira," alisema polepole. "Hasira haina picha. Nikadarizi uso ninaouona kila siku."

Kaka aliandika neno hilo, na yaliyobaki. Mkoba ukafunguka.

Jumamosi cherehani iliingia mlangoni. Sarafu zilizobaki zilihamia mkoba mpya, wenye maneno mapya, na kila mtu ndani ya nyumba alijua yamehifadhiwa wapi na kwa nini hayaguswi. Mito ya kinyozi, hata hivyo, haikushonwa na cherehani. Ilishonwa na Kifuu, kwa mkono, na mama ndiye aliyehangaika kumtungia uzi.

"Mimi nilikosea kuwaficha kitu mnachoishi nacho," mama alimwambia. "Wewe ulikosea kuuza kisicho chako. Katika sarafu zile hakuna wa kumlilia, mwanangu. Mlinzi ni sisi wenyewe, na mlinzi akiwa mwongo hakuna kufuli. Ulisema kweli kabla kaka yako hajamwendea mtu asiye na hatia, na hilo ndilo lililotuokoa. Siku nyingine nikikuudhi, uje uniambie usoni. Usifumue."

Sindano ikamchoma Kifuu kidole. Akavimbisha mashavu, akamwona mama anamtazama, akapumua, akashona.