Kompyuta ya Mwalimu Matonya

Kila Jumamosi asubuhi Devota Matonya alikuwa na kazi tatu kabla ya kunywa chai: kufagia uwanja, kujaza madumu mawili ya maji kwenye bomba la jirani, na kufuta vumbi sebuleni. Hiyo ya tatu ilikuwa haiishi. Upepo wa Nkuhungu, mtaa wao wa Dodoma, huingiza vumbi ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa, na ukimaliza kufuta kabati, meza uliyoanza nayo imekwisha chafuka tena. Alipofika kwenye meza ya pembeni alifuta taratibu, kwa sababu hapo ndipo ilipokaa kompyuta ya baba yake, imefunikwa kitambaa cheupe alichokitarizi mama.

Mwaka ule wa 2002 nyumba zenye kompyuta mtaani kwao zilikuwa za kuhesabu. Baba yake, Mwalimu Thobias Matonya, alifundisha historia katika shule ya sekondari, na kompyuta hiyo aliinunua ikiwa imetumika, ofisi moja ilipokuwa ikiuza vifaa vyake vya zamani. Hakuinunua kwa kujionyesha. Kwa miaka mitatu alikuwa akienda kwao Kongwa kuwahoji wazee waliofanya kazi katika mashamba ya karanga ya Waingereza: walioendesha matrekta, waliong'oa visiki, waliopika kambini. Mwanzoni aliyaandika maneno yao kwenye madaftari. Msimu mmoja wa mvua mchwa wakapanda ukutani na kuyala. Tangu hapo, yale aliyoweza kuyaokoa na yote mapya aliyaandika kwenye kompyuta. Wazee arobaini na mmoja walikuwa humo, na tisa kati yao walikwisha kufariki.

Jumamosi hiyo Devota alifuta vumbi kwa hasira. Baba alikuwa amemwahidi kwenda naye Kongwa, kisha alfajiri akaondoka peke yake, akisema gari aliloombea lifti lina nafasi moja tu. Mama, ambaye alikuwa muuguzi, alikuwa zamu hospitalini hadi jioni. Devota alibaki na ufagio na madumu.

Ndani ya mkoba wake wa shule kulikuwa na sidii aliyoazimwa na Wambura, rafiki yake wa darasa la saba aliyekaa mtaa wa Miyuji. Sidii hiyo ilikuwa na mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta. Kwa akina Wambura ulikwisha wekwa, na kompyuta yao ilikuwa na picha zenye rangi za kung'aa na mchezo wa mbio za magari. Wambura aliwahi kusema kwamba kompyuta ya Mwalimu Matonya ni taipureta iliyopewa televisheni. Alisema kwa utani, lakini neno lile lilimchoma Devota. Wambura alipompa sidii alimwambia amwombe baba yake kwanza.

Devota hakuomba. Kama baba anaweza kuvunja ahadi, aliwaza, basi na yeye hana haja ya kuomba ruhusa. Akaondoa kitambaa, akawasha kompyuta, akaitia sidii.

Mambo yalianza vizuri. Kompyuta ilimuuliza maswali kwa Kiingereza, naye akajibu kwa kubonyeza. Swali moja lilihusu kubadilisha mpangilio wa diski kuwa wa aina mpya. Hakulielewa vizuri, ila neno "mpya" lilimpendeza, akakubali. Kompyuta ikazimika, ikawaka yenyewe, ikaendelea. Kisha ikasimama na kusema kuna faili isiyoweza kuisoma. Alipoitoa sidii aliona imechubuka vibaya. Akairudisha. Kompyuta ikampa nafasi ya kujaribu tena au kuiruka faili hiyo. Alijaribu mara tatu, akachoka, akaruka. Ikaja nyingine, akaruka. Baada ya hapo akawa anaruka bila kusoma.

Kompyuta ilipozimika mara ya mwisho, haikuwaka sawasawa tena. Kioo kilionyesha maandishi kwa sekunde chache, kikawa cheusi, kikaonyesha tena maandishi yaleyale, kikawa cheusi. Devota alizima, akawasha. Akaupiga ubavu wa kompyuta kwa kiganja hadi kikamuuma. Alimlaani Wambura na sidii yake, akamlaani na mwenye gari lenye nafasi moja. Mwishowe akaifunika kompyuta kwa kitambaa, akakinyoosha vizuri kuliko alivyokikuta, akaenda kuosha vyombo.

Baba alirudi Jumapili mchana akiwa na maelezo ya wazee wawili wapya. Alioga, akala, akakaa mezani ili ayaingize yangali moto kichwani. Baada ya dakika chache akamwita Devota na kumuuliza nani ameigusa kompyuta.

"Sijui, baba," Devota alisema. "Mimi sijaigusa."

Mwalimu Matonya mwenyewe akaumalizia uongo ule. Alhamisi fundi Ambokile alikuja kutoa vumbi na kubadilisha feni. Basi ni yeye, alisema. Ameharibu kitu, akafunga, akaondoka. Devota hakumtaja fundi. Alimwacha baba yake aamini alichotaka kuamini.

Jumatatu baada ya masomo baba alimpitia Devota shuleni na teksi, kompyuta ikiwa imefungwa kwa khanga, wakaenda hadi kwenye chumba cha Ambokile karibu na soko. Ambokile alikuwa mtu wa Mbeya, mrefu, asiyepandisha sauti. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi. Devota alimwamkia shikamoo, na kabla hajajibiwa baba yake alikwisha anza kufoka.

Alimwita mharibifu. Alisema Dodoma imejaa mafundi wanaojifunzia kwenye mali za watu. Alisema kazi ya miaka mitatu imo ndani ya mashine ile, na kwamba wazee waliofariki hawawezi kuhojiwa mara ya pili. Mteja mmoja, bwana mmoja aitwaye Khamisi aliyekuwa ameleta kompyuta ya duka lake, alisikiliza yote, akaibeba kompyuta yake, akatoka.

Ambokile alimtazama akienda. Kisha akasema kwamba Alhamisi aliiacha ikifanya kazi, na Mwalimu mwenyewe aliiwasha mbele yake. Akauliza kama tangu siku hiyo kuna mtu aliyeingiza kitu chochote.

"Hakuna," baba alijibu. "Nyumbani tuko watatu. Mimi nilikuwa Kongwa, mke wangu haigusi, na mtoto wangu hasemi uongo."

Devota alihisi uso ukimwaka. Ajabu ni kwamba aliyemkasirikia wakati ule alikuwa baba yake. Kwa nini aseme vile mbele ya watu? Ambokile alipomgeukia na kumuuliza kwa upole kama aliona chochote, alijibu kwa ukali kwamba yeye si fundi. Baba alimkemea kwa kujibu hovyo, lakini hakujiuliza kwa nini amejibu hivyo.

Siku ya pili, Devota alimrushia Wambura sidii yake juu ya dawati na kumwambia ni takataka: Jumamosi, akiwa amemkasirikia baba kwa kumwacha, aliiweka, na sasa kompyuta iko kwa fundi. Wambura aliitazama ile michubuko, akakiri kwamba hakuikagua, akaomba radhi. Kisha akauliza kama nyumbani wanajua ilikuwaje. Devota alimwambia ashike yake.

"Jumamosi ulimnunia baba yako, leo umeninunia mimi," Wambura alisema. "Fundi naye umemnunia?"

Devota alihama dawati. Hadi kengele ya mwisho hakuwa amesikia lolote alilofundishwa.

Jumatano alasiri walirudi kwa Ambokile. Fundi alikuwa amechoka, na hasira yake sasa ilionekana. Kwa kuwa aliambiwa hakuna mtu aliyegusa programu, alikuwa ametafuta ubovu kwenye vifaa. Alibadilisha memori, akabadilisha waya za ndani, akairudisha hata feni ya zamani. Kazi za wateja wengine zilikuwa zimerundikana nyuma yake. Mwisho aliiwasha kompyuta kwa disketi yake ya ufundi, na disketi ile haikuona faili hata moja. Kwa maelezo aliyopewa, alisema, basi ama diski kuu imekufa, ama kirusi kimefuta kila kitu. Lililobaki ni kuifuta diski yote na kuipanga upya ili angalau kompyuta ifanye kazi.

Mwalimu Matonya alikaa kwenye benchi. Hakufoka tena. Alisema ana disketi moja nyumbani yenye wazee wanane wa mwaka wa kwanza, basi. Akaanza kuwataja wengine kwa sauti ndogo, kama mtu anayeita majina darasani na hakuna anayeitika. Alipofika kwa Mzee Yoramu, aliyeendesha trekta na kufariki mwezi wa pili, alimgeukia fundi.

"Futa," akasema.

Ambokile alivuta kibodi, akaandika amri. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika.

"Usifute," Devota alisema. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Niliweka mfumo mpya Jumamosi. Sidii ilikuwa mbovu, haikumaliza."

Ambokile aliondoa vidole kwenye kibodi kimoja kimoja, akasimama, akatoka nje. Mlango ukiwa wazi walimwona amesimama juani, mikono kiunoni, ametazama barabara. Baba alimgeukia Devota, na uso wake ulikuwa umebadilika kiasi kwamba Devota alirudi nyuma hatua moja.

"Siku nne," baba alisema. "Umenitazama nikimlaumu mtu kwa siku nne."

Alikuwa ameinua mkono. Ambokile, akirudi ndani, alimwambia aushushe kwanza, kwa kuwa anamhitaji mtoto huyu akiwa na akili zake. Alimvutia Devota kigoda, akachukua karatasi na kalamu. Sauti yake haikuwa ya upole, lakini haikuwa ya kumtisha.

Alimtaka aeleze kila hatua tangu alipoingiza sidii: kompyuta iliuliza nini, alibonyeza nini, ilisimama wapi. Devota alianza kwa kusema hakumbuki. Ambokile akasubiri tu. Kidogo kidogo akakumbuka, na alipofika kwenye swali la kubadilisha mpangilio wa diski, fundi aliiweka kalamu chini.

"Ulikubali?"

"Nilikubali."

Ambokile alivuta pumzi ndefu. Akamweleza Mwalimu kwamba mpangilio huo mpya ni kama mwandiko mwingine, na disketi yake ya zamani haijui kuusoma. Ndiyo maana iliona diski tupu. Huenda faili zimo zote. Na yeye alikuwa amebakiza kubonyeza mara moja tu ili azifute kwa mkono wake.

Aliichomoa diski kuu, akaifunga ndani ya kompyuta yake kubwa iliyokuwa na mfumo mpya, akawasha. Wote watatu waliinamia kioo. Ilichukua muda. Kisha orodha ikatokea, na ndani yake jalada lililoandikwa Kongwa. Baba aliwahesabu wazee kwa kidole kwenye kioo hadi arobaini na mmoja, akarudia kuhesabu. Alipofungua maelezo ya Mzee Yoramu na kuyaona yamekamilika, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Ambokile alinakili faili zote kwenye disketi, mara mbili. Kisha akarudisha mfumo wa zamani, akieleza kwamba kompyuta ile haina memori ya kutosha kubeba ule mpya, hata kama sidii ingekuwa nzima. Kazi yote ilimchukua saa mbili.

Alipomaliza hakuikabidhi mara moja. Alisema kwamba Jumatatu aliitwa mharibifu mbele ya wateja watatu, na mmoja wao hajarudi.

Mwalimu Matonya alisimama. Wakati huo kulikuwa na mama mmoja aliyeleta printa, na kijana wa duka la jirani. Mbele yao, kwa sauti ileile ya darasani, alisema amemkosea fundi, kwamba alimhukumu bila kuuliza, na kwamba anaomba radhi. Akauliza duka la bwana Khamisi liko wapi, akasema ataenda mwenyewe leo hii, pamoja na binti yake, na binti yake ndiye atakayeeleza.

Devota alimwomba fundi radhi kwa maneno machache, kwa sababu machozi hayakumruhusu kuongeza. Ambokile aliitikia kwa kichwa. Bado alikuwa na hasira na hakujisumbua kuificha.

"Kuharibu si ajabu," alimwambia. "Mimi nimeharibu kompyuta nyingi kuliko wewe, ndivyo nilivyojifunza. Lakini kila mara nilimwambia mwenyewe nilichofanya. Kompyuta yenu nimeitengeneza kwa saa mbili. Siku mbili za kwanza nilikuwa natengeneza uongo, na uongo hauna spea."

Waliifunga kompyuta kwenye khanga, wakaiacha kwa fundi hadi watakaporudi, wakashika njia ya dukani. Baba alitembea mbele kwa haraka. Walipokaribia alisimama kumngoja Devota, na alipomfikia alimwambia kwamba kuhusu safari ya Kongwa alikosea: alipaswa kumwamsha na kumweleza, si kuondoka kimyakimya. Angemwambia hivyo Jumapili kama angeulizwa.

"Ulikuwa na haki ya kunikasirikia mimi," alisema. "Hukuwa na haki ya kumwachia mtu mwingine mzigo wako. Siku ukiharibu, njoo uniambie hata kama unaniogopa. Nitakasirika, kisha tutatengeneza. Ukinyamaza, nitakasirika na hatutajua pa kuanzia."

Bwana Khamisi alikuwa nyuma ya meza, akipima sukari. Devota alifuta macho kwa mkono wa sweta, akamwamkia, akaanza kueleza tangu Jumamosi asubuhi.