Wimbo Uliokatwa Mkia

Kwanza kilisikika kikohozi. Santuri ilipowafikia Mbozi, mwezi wa saba mwaka 1953, wanakwaya wote kumi na wawili walijibana sebuleni kwa mwalimu wao, Anania, wakazisikiliza sauti zao zikitoka kwenye gramafoni ya kuazima. Katikati ya wimbo wa mwisho mtu akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha kifua kibovu. Wakatazamana. Siku ya kurekodi hakuna aliyekohoa. Bwana aliyekuja na mashine ya kurekodia aliwarudisha mwanzo mara tano kwa sababu ya jogoo tu, angeachaje kikohozi?

"Ni mashine," alisema Anania. Alisema hivyo kwa uchovu, kama alivyosema kila kitu tangu afiwe na mkewe, Tumpe, miaka miwili nyuma.

Siku ile ya kurekodi waliimba tangu asubuhi: nyimbo za kanisani, za kulima, za harusi, na mmoja mpya aliotunga Anania mwenyewe. Mwishoni Bwana akaomba wimbo wa kilio. Wimbo huo kwao una sehemu mbili. Ya kwanza humwita marehemu kwa jina aje asikie anavyoliliwa. Ya pili, wanayoiita mkia, humwambia basi, tumemaliza, nenda ukapumzike. Kila upande wa santuri ulikuwa na nafasi ya dakika tatu tu, na wimbo mzima ulitaka tano. Anania akaukata mkia, maana sehemu ya kwanza ndiyo tamu. Jina lilihitajika, naye akaweka la Tumpe. Hakuwa na jingine mdomoni.

Tangu santuri ilipopigwa, Yunisi, binti wa Anania na Tumpe, hakuwa mzima. Alikuwa na miaka kumi na saba, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa sauti za kike. Majirani walikuja kusikiliza mara sita, mara saba kwa siku, na kila ilipofika sehemu ya jina, Yunisi, popote alipokuwa, kisimani au kwenye mibuni, alifungua mdomo na kuimba kwa sauti isiyo yake, kisha akakohoa mpaka akapiga magoti. Nyumba ikaanza kunuka mafuta ya mbarika, yale Tumpe aliyojipaka kifuani alipokuwa mgonjwa, na hapakuwa na tone la mafuta hayo ndani.

"Baba, ifiche," alinong'ona Yunisi. "Nachoka. Naishiwa pumzi."

Anania aliificha. Majirani akawaambia imevunjika. Lakini lazima tuseme ukweli: mchana, binti akienda shamba, aliitoa chini ya kitanda, akaupiga wimbo ule peke yake na kulia, kwa sababu alimkumbuka mkewe na hakujua pa kumpata pengine. Aliyajua yanayompata mtoto, na bado aliupiga.

Siku moja, saa saba ya mchana, sindano ilipolifikia lile jina, harufu ya mbarika ikaingia mlangoni kabla ya mtu, na nyuma yake akaingia Yunisi, bado na kikapu cha kahawa mgongoni, akitembea polepole, mkono kifuani, akisimama kila hatua mbili kuvuta pumzi, vile vile alivyotembea mama yake miezi ile ya mwisho kutoka kitandani hadi jikoni, na macho yaliyomtazama Anania hayakuwa ya mtoto wake.

"Baba Yunisi," ilisema sauti ya Tumpe, "mbona unaniita kila siku na huniambii niende? Njia ni ndefu. Nimechoka, mume wangu."

Akaanguka. Midomoni palikuwa na damu.

Usiku huo huo Anania alituma watu Isongole wakamwite Nesta, dada mkubwa wa Tumpe, mwombolezaji aliyejua kilio chote. Alifika siku ya tatu, akamtazama Yunisi mkekani, akakaa chini.

"Shemeji, uliukata wimbo?"

"Nilidhani ni wimbo tu, dada."

"Wewe ndiye uliyemwita. Wewe ndiye wa kumruhusu."

Kwaya ikasimama kaburini. Santuri ikavunjwa, vipande vikafukiwa. Waliimba wimbo mzima, na ulipofika mkia Nesta akawanyamazisha wote, akabaki Anania peke yake. Alipofika kwenye neno la kwenda, alirudia mstari wa kabla yake. Alimtazama bintiye aliyeshikiliwa na watu wawili, akalitoa, na lilimuuma kuliko siku ya mazishi. Harufu ikakatika. Yunisi akalala siku mbili, akaamka akaomba uji. Nyumba nzima ilicheka siku ile.

Siku ya tano, akichambua maharage, aliimba kwa sauti ile isiyo yake. Kisha akakohoa. Santuri ilikuwa udongoni.

Jioni hiyo akabisha hodi Osea, kijana wa jirani, aliyerudi kwa mapumziko kutoka migodi ya Rodeshia ya Kaskazini kupitia Tunduma. Alikuwa amefurahi kupita kiasi.

"Mwalimu, mmetutoa kimasomaso! Yule Bwana wa mashine ameziuza kule. Kila kambi ninayoijua ina santuri yenu. Sisi watu wa huku tunaupiga ule wa kilio zamu ikiingia, zamu ikitoka. Tunakumbuka nyumbani, tunalia, tunarudia."

"Kambi ngapi?" aliuliza Anania kwa sauti ndogo.

"Nani anazihesabu, mwalimu?"

Jikoni Yunisi akaanza kuimba. Harufu ya mbarika ikajaa chumbani, na Osea akatazama huku na huku. Anania aliinuka akishika ukuta, akasimama mlangoni akielekea machweo, upande wa migodi, akauimba mkia wote, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kikohozi kikatulia.

Alikuwa hajakaa bado kilipoanza tena.