Majina Manne ya Baba Zetu

Kila asubuhi, kwetu Karuba, mjukuu wangu Adelaïde aliamka kabla yangu. Aliwafungulia mbuzi wawili, akawafunga ukingoni mwa shamba, kisha akarudi kuchagua maharage: mazima kwenye sufuria, yaliyoliwa na mdudu kwa kuku. Huku akichagua alinisomea kwa sauti somo la jana, kwa kuwa mimi niliishia darasa la tatu na nilipenda kusikia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake alifariki akijifungua. Baba yake alifukiwa na udongo kule Rubaya, kwenye mashimo ya madini ya koltani. Tulikuwa watatu tu, yeye na mimi, na babu yake Léonard, mume wangu, aliyekuwa mgonjwa kitandani.

Léonard naye akafa. Tulilia siku tatu. Watu walifika kutoka vilima vyote, wengine tuliowajua, wengine tusiowajua, maana kwetu msiba haumfungii mtu mlango. Siku ya kuzika, mdogo wake alisimama kaburini akataja kwa sauti kubwa baba zao wanne kurudi nyuma, kila mmoja na kilima chake. Ndivyo tunavyofanya, ili marehemu apokelewe na watu wake.

Wiki tatu baadaye mama mmoja aliingia uani kwangu. Alivaa kitenge kipya na viatu safi. Alipiga magoti mbele yangu kama binti.

"Koko," aliniambia, na kwetu Koko ni bibi au babu, "mie naitwa Emérita. Niko mutoto wa hapa. Baba yangu alikimbia vita, akafia Walikale. Nimekuja kuona kwetu."

Kwetu mtu akidai undugu tunamwuliza baba zake. Akitaja wanne bila kukwama, huyo ni damu. Anapikiwa, anapewa kitanda, na hakuna anayemsumbua tena kwa maswali. Basi nikamwuliza. Emérita aliwataja wote wanne, pamoja na vilima vyao, hata yule wa tatu aliyehamia upande wa Mushaki. Nilimshika mikono nikalia. Nikachinja jogoo.

Siku ya pili aliniambia kwamba kule Walikale ana atelie ya kushona nguo.

"Batoto basichana wanajifunza miezi sita tu, wanarudi na mashine yao. Unipe Adelaïde. Ao unataka achague maharage mpaka azeeke sawa we?" Alicheka, nami nikacheka. "Kama iko na mwenzake, waende wote. Peke yake atalia."

Mwenzake alikuwa Kétsia, mwenye miaka kumi na minne, binti wa jirani yangu Joséphine-Marie. Nilikwenda mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta Joséphine-Marie akipepeta mtama.

"Huyo mama munamujua?" aliniuliza.

"Ametaja baba zetu wane."

"Bote wane?"

"Bote, na vilima vyao."

Aliweka ungo chini. "Basi kama ni we unasema, Koko, mie nitasema nini tena?"

Jioni ile Mama Adrienne, mwalimu wa watoto hao, alikuja nyumbani. Hakuketi. Alimgeukia Emérita.

"Mama, hiyo atelie jina yake nini? Iko upande gani wa Walikale? Nani alienda kujifunza akarudi, tumupigie simu sasa hivi?"

"Kule simu haishikagi, mwalimu."

"Walikale simu inashika. Dada yangu iko kule, tunasemaga kila siku ya Mungu."

Emérita aliinamisha macho kama mtu aliyeumizwa. Na mimi nilikasirika. Nilisimama nikamwambia mwalimu, "Damu haiombwi karatasi! Nani alikutuma kuja kutukana mutoto wetu ndani ya nyumba yangu?"

Mwalimu alitoka uani. Aliwaita wasichana wawili nje, akawafundisha namba ya simu yake kwa kichwa, kama mtu anavyofundisha hesabu. Kétsia aliishika mara moja. "Madame, hata nikiwa nalala, uniulize, nitaimba!" alisema, akamcheka Adelaïde aliyekwama mara tatu. Asubuhi waliondoka na Emérita kwa pikipiki mbili. Kétsia alipunga mkono mpaka kwenye kona.

Mwezi wa kwanza Joséphine-Marie alipita kwangu kila alipotoka shamba. "Koko, habari ya batoto?" Nilimwambia bado. Mwezi wa pili vilevile. Mwezi wa tatu aliuliza akiwa amesimama barabarani, bila kuingia uani. Mwezi wa nne alipita bila kuuliza.

Mwezi wa tano simu ya mwalimu ililia. Aliyepiga alikuwa Papa Valentin, mfanyabiashara mwenye asili ya Butembo, aliyekuwa na duka la chumvi na sabuni mjini Walikale. Alisema, "Niko na mutoto hapa. Anasema anatoka Karuba. Anatetemeka sana, lakini namba yako alinipa bila kukosa."

"Ni mutoto mumoja?" mwalimu aliuliza. "Angalia vizuri, Papa."

"Ni mumoja."

Yaliyowapata, Adelaïde alituambia kidogo kidogo, na mengine hajasema mpaka leo. Hapakuwa na atelie. Baada ya pikipiki walitembea siku mbili msituni mpaka kwenye machimbo. Emérita aliwaacha kwa mwanamume mmoja aliyewaambia, "Nimekwisha kuwalipia. Kuondoka hakuna." Wavulana waliodanganywa kama wao walibebeshwa magunia ya mawe. Wasichana walipika, walifua, waliteka maji, na usiku walitendewa maovu ambayo hakuna mtoto anayepaswa kutendewa. Wiki ya pili Kétsia alipelekwa kwenye machimbo mengine, mbali zaidi. Alikuwa akiita jina la Adelaïde walipomvuta.

Siku moja Adelaïde alitumwa sokoni Walikale pamoja na mlinzi kubeba chumvi. Mlinzi alibaki mlangoni mwa duka akigombana na mtu. Adelaïde alimsogelea mwenye duka akanong'ona, "Papa, sikukuja kwa kupenda." Papa Valentin hakumwuliza zaidi. Alimpitisha nyuma ya magunia, akamtoa kwa mlango wa uani, akampeleka kwa Mama Aurélie. Huyo ni wa kikundi cha akina mama wanaotetea watoto. Walimpeleka kwa daktari, wakaandika maneno yake mbele ya polisi, wakamrudisha.

Aliporudi hakuwa yule niliyemtoa. Alikaa na mgongo ukutani. Nilimwuliza jinsi Emérita alivyoweza kuwajua baba zetu.

"Alikuwa kwenye kilio cha Koko Léonard," alisema bila kuniangalia. "Alituambia njiani. Alikuwa anacheka. Alisema, 'Koko yenu anadai mimi ni damu yake, na majina walinipigia kelele wao wenyewe pale kwenye kaburi.'"

Tuliamini majina yale ni mlango wa nyumba yetu. Kumbe tulikuwa tukiyatangaza kwa yeyote aliyekuja kulia nasi, hata aliyekuja kutazama nyumba ipi ina msichana asiye na baba.

Nilidhani kurudi ni mwisho wa taabu. Haikuwa hivyo. Kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza Adelaïde alipofika. Msichana mmoja, Estelle, alimwambia mbele ya wote, "Pita nyuma, bibi ya bachimbaji! Usiguse bidoni yangu." Wengine walicheka. Adelaïde aliweka bidoni yake, dumu la maji, chini, akageuka aondoke. Nami nilikuwa pale na fimbo yangu.

Aliyesema ni Joséphine-Marie. Hakuwa amezungumza nasi kwa miezi. Alisogeza watu kwa bega, akaiweka bidoni ya Adelaïde chini ya bomba, mbele ya zote.

"Estelle," alisema, "siku Kétsia yangu akirudi, hivi ndiyo utamupokea?"

Estelle alitazama miguu yake.

"Sema. Niko naomba Mungu kila siku anirudishie mutoto. Akisikia hapa banacheka huyu, atarudia wapi? Haya iko kwa mwenye kuuza muntu. Mutoto mwenye kuuzwa hana haya." Kisha akamwinamia Adelaïde. "We ulimuona wa mwisho. Utanisaidia?"

Hapo Adelaïde alilia, mara ya kwanza tangu arudi. Kesho yake walikwenda polisi pamoja na mwalimu, yeye na Joséphine-Marie, wakasimulia upya: njia waliyopita, mto waliouvuka, sura ya yule mwanamume wa machimbo, kovu la Emérita kwenye kidole. Maneno hayo yalipelekwa Walikale. Mama Aurélie na polisi waliyapata machimbo ya kwanza, wakawatoa wasichana wanne na wavulana wawili. Kétsia hakuwa miongoni mwao. Emérita hajakamatwa.

Adelaïde amerudi shuleni. Mama Adrienne alimkalisha benchi la mbele, akawaambia wanafunzi kwamba mwenye kumtania atakuja kwanza kumtania yeye. Kuna siku anasoma vizuri, na kuna siku anatazama dirisha tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Tunamwacha atazame.

Mimi nilimwendea Joséphine-Marie nikapiga magoti. Hakuniinua. Aliniambia, "Kama unataka kunisaidia, simama mbele ya bantu, sema nani alinishawishi."

Kwa hiyo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, katekista akimaliza matangazo, mimi husimama kanisani. Husema: "Ni mimi niliyewatoa. Nilimwuliza mgeni baba zake, sikumwuliza anawapeleka watoto wapi. Mtu akitaka mtoto wenu kwa kazi au masomo, hata akiwa ndugu wa tumbo moja, ulizeni mahali, ulizeni jina la mwenye kazi, pigeni simu mkiwa pamoja, mwambieni mwalimu na chifu. Mwenye nia njema hatachukia. Na nyinyi watoto, mtu akiwaambia msimweleze mwalimu, mwelezeni siku hiyo hiyo. Anayerudi mpokeeni. Msimwulize alifanya nini. Mwulizeni anahitaji nini." Tangu nianze, watu watatu wamekuja kutafuta wasichana wa kazi. Waliulizwa, wakaondoka peke yao.

Joséphine-Marie huketi benchi la kwanza, husikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha hutoka bila kunisalimu. Simlaumu. Kétsia hajarudi.