Ukiitwa Mara Moja

Ijumaa hiyo lori la majani ya chai lilichelewa, na kuchelewa kwa lori la majani si habari kwa mtu wa Nyaramba. Habari ni kwamba jua lilikuwa linatua, na nyumbani kwa kina Omosa jua la Ijumaa likitua, Sabato imeingia. Mama yake, Nyanchoka, shemasi wa kanisa, alikuwa amemtuma apeleke chai kituoni na awe amerudi kabla ya hapo. "Usinifanye nifungue Sabato peke yangu," alimwambia. Kwa hiyo karani alipomaliza kupima gunia lake, Omosa hakungoja soga za wachumaji wenzake. Alitia hedifoni masikioni, akashika njia ya mkato katikati ya mashamba.

Hedifoni zenyewe zilikuwa kimya. Simu ilikuwa imezimika tangu mchana, haina chaji. Alizivaa kwa mazoea tu, kama mzee anavyovaa kofia yake hata asipotoka. Zilikuwa za Damaris, dada yake. Damaris walimzika mwanzoni mwa mwaka, nyuma ya nyumba, kando ya migomba, baada ya pikipiki aliyopanda kugongana na lori kwenye ukungu, nje kidogo ya Keroka.

Kanisani Damaris alijulikana kwa kuimba. Mjini Keroka alijulikana kwa jambo jingine, ambalo shemasi Nyanchoka hakulipenda hata kidogo: alikuwa kapteni wa timu ya gemu ya bunduki. Ni ile gemu ya kwenye simu ambayo unauona uwanja kwa macho ya mpiganaji, mtutu mbele yako, watano kwa watano. Vijana wengi hudhani ni kazi ya vidole vyepesi. Damaris aliwacheka. Yeye alifundisha kichwa. Kabla hujakimbia, alisema, jiulize adui anataka ukimbilie wapi. Ukifyatua risasi umejionyesha, kwa hiyo usifyatue kwa hasira. Na ukisikia kelele, usiishangae kelele. Tazama inakutoa wapi.

Lakini sheria kuu ilikuwa moja. Ukiitwa, jibu. Timu isiyojibizana, alisema Damaris, ni maiti watano wanaotembea.

Omosa tangu utotoni alikuwa mzito wa kuitika. Basi dada yake akamfundisha kama anavyofundishwa ng'ombe wa kulima. Popote alipokuwa, zizini, jikoni, hata mdomo ukiwa umejaa ugali, angesikia "Omosa!" na asipojibu "Nakusikia!" hapo hapo, vyombo vya jioni ni vyake kuosha. Aliosha vyombo mpaka ulimi wake ukazoea kujibu kabla sikio halijamaliza kusikia. Na mazoea, wahenga walisema, yana taabu.

Maana kulikuwa na sheria nyingine, ya zamani zaidi, aliyoiacha magokoro wao, bibi yao mzaa baba. Giza likiingia ukaitwa mara moja, nyamaza. Mtu hai huita tena. Ukiitika wito wa kwanza umekionyesha kile kinachoita mahali ulipo. Nyanchoka alimkemea mama mkwe wake kwa kuwatia watoto ushirikina, lakini maneno ya bibi hayatoki kichwani kwa kukemewa.

Sheria hizo mbili zilikaa ndani ya Omosa miaka yote bila kugombana. Moja ilikuwa ya gemu, nyingine ya giza.

Alifika bondeni, pale kijito kinapopita chini ya daraja la magogo. Ukungu ulikuwa umeshuka. Vyura walikuwa wanalia... halafu wakaacha. Akasikia harufu. Si ya matope wala ya majani mabichi. Ni harufu ya breki zilizoungua, ile inayobaki barabarani lori likifunga ghafla. Na hapo hapakuwa na barabara.

"Omosa."

Sikio la kushoto. Taratibu, kama mtu aliyekaa karibu.

"Nakusikia!"

Neno lilishatoka. Alisimama na mkono mdomoni kama mtu anayetaka kulirudisha. Akangoja. Kama ni mtu, ataita tena. Kijito kilipita. Chura mmoja akaanza kulia, wenzake wakamfuata. Hakuna aliyeita tena, na Omosa alipanda ule mlima mbio mpaka mlangoni kwa mama yake, akafungua Sabato akiwa anahema.

Hakumwambia mtu. Na tuseme ukweli, hakusema kwa sababu chini ya hofu yake kulikuwa na furaha. Sauti ilikuwa ya Damaris. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa mwimbaji aliyeimba sana.

Wiki iliyofuata timu ilikutana Keroka, nyuma ya duka la Onchiri la kutengeneza simu. Mashindano ya Kisii mjini yalikuwa yamekaribia, ya kwanza bila kapteni wao. Omosa alicheza vibaya mwanzoni, akikimbilia kila mlio. Kisha, katikati ya raundi, ile harufu ikapita puani.

"Omosa. Kushoto."

"Nakusikia!" Akaenda kushoto, akawakuta wapinzani wamempa migongo.

Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Walishinda timu ambazo hawajawahi kuzigusa. Wenzake wakampigapiga mabega. "Buda, umeiroga hii gemu!" alisema Onchiri, na wote wakacheka, naye Omosa akacheka. Jioni alirudi nyumbani akitembea polepole makusudi, akitumaini kuitwa. Aliitwa. Bondeni tena, kisha juu ya bonde kwenye mkaratusi, kisha kando ya zizi la jirani. Kila alipoitwa aliitika. Alihisi kama amerudishiwa kitu alichoporwa.

Halafu siku moja mazoezini alikuwa amejibanza vizuri nyuma ya ukuta, mahali ambapo hata Damaris mwenyewe angempongeza.

"Omosa. Toka."

Akatoka. Uwanja ulikuwa mtupu, na wapinzani wote watano walikuwa wamelenga pale pale. Hakumaliza hatua mbili.

Onchiri hakumlaumu. Alirudisha picha ya mchezo, kama walivyofundishwa na kapteni, ili waone kosa. Walimwona Omosa akiacha ukuta mzuri na kwenda kufa. Kisha Onchiri akarudisha tena, akaongeza sauti, akakunja uso.

"Hebu sikia hapa," alisema. "Sauti zetu zote zimerekodiwa. Hakuna mtu alikuita."

"Aliniita..."

"Nani? Sikia mwenyewe. Kuko kimya, halafu ni wewe unasema nakusikia." Onchiri alivua hedifoni, akashusha sauti. "Omosa, ndugu yangu. Wewe unajibu nani?"

Usiku huo, kitandani, Omosa alifikiri jinsi alivyofundishwa kufikiri. Sauti inanitoa wapi? Inanipeleka wapi? Alizipanga kichwani mahali zilipotokea. Bondeni. Kwenye mkaratusi. Zizi la jirani. Jana, langoni kwao. Ilikuwa inapanda mlima. Kila alipoitika alikuwa kama mchezaji anayefyatua risasi gizani kwa furaha, na adui ametulia, anahesabu mlio, anasogea.

Na lile neno "toka" ndilo lililommaliza. Dada yake hakuwahi, hata kwa mzaha, kumtoa mtu mahali pa usalama. Aliyemwita si Damaris. Ni kitu kilichoivaa sauti ya Damaris na kilichojifunza njia ya kufika kwao. Omosa alilia akiwa ameuma blanketi mama asisikie. Alikuwa amefiwa na dada yake mara ya pili, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumpa pole.

Ijumaa jioni alimweleza mama yake yote. Walikuwa sebuleni, taa imewashwa, Biblia na kitabu cha nyimbo mezani. Aliogopa atacheka au atakemea. Nyanchoka alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Mwanangu amelala," alisema kwa Ekegusii, lugha yao ya nyumbani. "Hajui lolote mpaka siku ya kuamshwa. Hayo nimefundisha watu miaka mingi. Kwa hiyo kinachotembea na sauti yake ni adui, na adui hatumwitikii."

"Tukikisikia, tunyamaze?"

"Tunyamaze, baba." Aliinuka mwenyewe, akafunga dirisha, akatia komeo mlangoni. Omosa akahisi kifua kikimfunguka. Sasa walikuwa wawili, na wawili wanaojua mtego si rahisi kunaswa.

Wakaanza kuimba. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Nje, mbwa wa jirani alikuwa akibweka, akakatiza katikati. Omosa akanusa... akainua kichwa.

Breki zilizoungua. Ndani ya nyumba.

"Mama."

Ilitoka nyuma ya nyumba, upande wa migomba.

Wimbo ulikufa mdomoni mwa Nyanchoka. Omosa alimshika kifundo cha mkono. Wakatazamana.

"Si yeye," Omosa alinong'ona.

"Najua."

"Wewe ndiye umesema. Sasa hivi umesema."

"Najua si yeye, Omosa." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila kulia. "Lakini sauti ni yake. Tangu tumzike, kila usiku najaribu kuikumbuka sauti yake nashindwa. Naona uso, sauti siipati. Sasa imeniita mama... nami ninyamaze?"

"Mama, tafadhali. Ni mtego."

"Ni mtego," alikubali. Kisha akageukia dirisha lililofungwa na kusema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kila Damaris aliporudi kutoka shule amechoka: "Ee, mama. Niko hapa. Nakuja."

Alibandua vidole vya mwanawe kimoja kimoja, bila hasira. Akatoa komeo. Akatoka.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sisi wengine tuseme tu tulichoona. Omosa alifika mlangoni akakwama. Kila alichojua kilimzuia. Ndivyo timu nzima inavyoisha: mmoja anavutwa nje, wa pili anakimbia kumwokoa, wa tatu anafuata. Usimfuate aliyenaswa. Mguu wake mmoja ulikuwa nje ya kizingiti, nao ukarudi ndani.

Alimsikia mama yake nyuma ya nyumba, akiongea chini chini. Anamuuliza mtu kama anahisi baridi. Anamuuliza kama amekula. Akacheka kidogo, kicheko ambacho Omosa hakuwa amekisikia tangu mazishi.

Kisha kimya.

"Omosa."

Sauti ya dada. Ulimi ulimruka mdomoni. Aliung'ata mpaka akaonja damu, na hakujibu. Hakujibu! Kwa mara ya kwanza tangu bondeni alikuwa amekinyima risasi yake.

Muda ukapita. Halafu...

"Omosa. Baba, njoo."

Hiyo ilikuwa sauti ya mama yake.

Alifungua mdomo. Akaufunga. Kama kilivaa sauti ya Damaris, kitashindwaje kuivaa ya Nyanchoka? Angoje. Mtu hai huita tena. Alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili, akimsihi moyoni: ita tena, mama, ita tena mara moja tu nije. Alisikiliza kwa masikio yale yaliyofundishwa kuchuja mlio wa nyayo katika kelele za vita. Alisikia matone yakidondoka kwenye majani ya migomba. Akangoja hivyo mpaka mwanga ukaonekana kwenye ukungu.

Asubuhi hiyo Omosa na jirani yao, Obadiah, walimkuta mama. Nyanchoka alikuwa amelala ubavu kando ya kaburi, shuka lake limeloa umande. Hakuwa na jeraha. Kwenye udongo kulikuwa na alama ya mtu aliyejikokota hatua chache, na mkono wake mmoja ulikuwa umenyooshwa. Haukuelekea kaburini. Ulielekea nyumbani.

Majirani walinong'onezana mambo yao. Wengine walimwambia Omosa alifanya vyema kutotoka, la sivyo wangechimba makaburi mawili. Obadiah akasema sikio la kufa halisikii dawa, akimaanisha marehemu, na mkewe akamkanyaga mguu.

Hospitalini daktari, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alieleza kuwa ni moyo. Presha, huzuni, baridi ya usiku. Omosa alimuuliza kama alikufa hapo hapo alipoanguka.

"Hapana," alisema daktari. "Alikuwepo kwa muda. Siwezi kukwambia ni muda gani."

"Mtu wa hali hiyo anaweza kuita?"

Daktari alifikiri, akitafuta jibu lisiloumiza, akalikosa. "Anaweza. Lakini si kwa nguvu. Na si mara nyingi."

Omosa akamshukuru. Akatoka, akakaa kwenye benchi la ukumbini, katikati ya watu waliokuwa wakingoja kuitwa.