RAM ya Marehemu Rifaat

Mkiniona na kinyongo, hamjakosea. Yaliyompata mdogo wangu Nagat niliyaona kwa macho yangu, hapahapa Tanta, Misri, katika jengo ninalopita mbele yake kila nikienda sokoni. Sijawahi kulipita bila kutupia jicho dirisha la ghorofa ya tatu.

Nagat aliolewa na Mamduh, mtengenezaji wa video za harusi. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, asiyejua kupandisha sauti. Alikuwa na kitabia kimoja tu cha kuchekesha: hakuwahi kumaliza maji kwenye glasi. Lazima abakishe kidogo, upana wa kidole.

"Hayo unamwachia nani, shetani?" Nagat alikuwa akimtania.

"Nakuachia wewe, Nunu, usije ukasema nilikunyima."

Kazi hiyo Mamduh aliifanya pamoja na kaka yake, Rifaat. Walinunua kompyuta mbili za mezani siku moja, duka moja, zinazofanana kila kitu. Mamduh aliweka yake ghorofa ya tatu alikoishi na mkewe. Rifaat aliweka yake ghorofa ya pili, kwa mama yao, kwa sababu hakuoa. Mama yao, Hajati Tafida, mtaa mzima ulimwita Mama Rifaat. Sikuwahi kusikia mtu akimwita Mama Mamduh, hata kwa kuteleza ulimi. Alikuwa na mtoto mmoja na nusu, na hiyo nusu ndiye shemeji yangu.

Na huyo Rifaat, Mungu anisamehe, kwa mtu aliyetia vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe kimoja cha kahawa, alikuwa mchungu kupita kiasi. Hakuwahi kumwita mdogo wangu kwa jina. Alimwita "yule wa kuja". Mwambie yule wa kuja alete chai. Muulize yule wa kuja kama huko kwao hawafundishwi kupika. Nagat alikuwa akitabasamu mbele yake, kisha anakuja kulia jikoni kwangu.

Rifaat alikufa ghafla wakati wa joto, ameketi mbele ya kompyuta yake, nayo bado inawaka. Mama yake akakifunga kile chumba. Aliweka glasi ya maji mezani kando ya kibodi, kama tufanyavyo, maana roho ya marehemu haiondoki nyumbani mpaka arobaini, na huja na kiu. Kila asubuhi alikuta maji yamepungua, akajaza tena huku akilia. Akatuonya sote kwamba kitu cha marehemu kisiguswe kabla ya arobaini.

"Hata msumari," alisema. "Bado ni vyake."

Sasa kazi ya watu wawili ikamwangukia mmoja. Harusi za kiangazi zilikuwa nyingi, na kompyuta ya Mamduh ikaanza kukwama kila akifungua video ndefu. Akaenda kwa Girgis, fundi wa mtaa wa nyuma.

"Mashine imechoka, bwana, kama mimi na mke wangu," Girgis alimwambia. "Iongezee RAM."

RAM ni ile kumbukumbu ya kompyuta, kipande chembamba kama rula fupi kinachochomekwa ndani ya boksi. Hushika kazi unayoifanya wakati huohuo tu. Umeme ukikatika, husahau kila kitu. Mamduh mwenyewe ndiye aliyenieleza hivyo, nami nilikuja kuyakumbuka maneno hayo baadaye.

Girgis akampa moja. Za siku hizi haziingii kwenye mashine za zamani, pengo lao la kuchomekea liko mahali pengine, kwa hiyo alimchagulia ya zamani. Mamduh akaichomeka. Kompyuta ikalia mara tatu, kioo kikabaki cheusi. Akarudi kwa Girgis, akapewa nyingine. Milio ileile, giza lilelile.

"Mashine yako inaringa kama binti wa pasha," Girgis akacheka. "Haielewani na mgeni. Katafute iliyotoka pamoja na hiyo yako, ndugu yake wa tumbo moja."

Ndugu yake ilipokuwa, Mamduh alipajua. Ni ghorofa moja tu chini.

Alhamisi mama yake alikwenda makaburini na mikate ya sadaka, kama kila Alhamisi. Mimi nilikuwa juu na Nagat tukichambua mlenda. Mamduh akashuka na bisibisi, akarudi anafuta kile kipande kwa shati lake.

"Mamduh," Nagat akasema, "arobaini bado."

"Ni RAM, Nunu, siyo sanda. Nitairudisha kabla mama hajajua."

Akaichomeka kando ya ile ya kwanza. Safari hii kompyuta haikulia hata kidogo. Iliwaka papo hapo, ikahesabu giga nane na nane, kumi na sita. Mamduh akapiga makofi kama mtoto.

"Mnaona? Wameelewana."

Mchana huo umeme ukakatika, kama ulivyokatika kila siku kiangazi kile. Feni zikasimama. Mamduh akalaani, maana alikuwa katikati ya video ya harusi na hakuwa amehifadhi kitu. Umeme ulipoturudia aliwasha mashine akijua ataanza upya.

Kazi ilikuwa pale, imefunguka yenyewe. Tena ilikuwa imesonga mbele. Bibi harusi alikuwa amekatwa na kuungwa upya, wimbo umebadilishwa, na mwishoni waridi jekundu lilidondoka polepole juu ya kioo.

Mamduh hakuweka mawaridi kwenye video zake hata siku moja. Aliyaona ni ya kishamba. Mawaridi yalikuwa ya Rifaat.

"Kitoe hicho kitu," Nagat akanong'ona.

"Kesho," alisema Mamduh. Hakuliondoa jicho kwenye kioo. "Watu wanasubiri video zao."

Kesho ikawa kesho nyingine. Umeme ulikatika, umeme ukarudi, na kila uliporudi kazi ilikuwa imesonga. Mamduh akaacha kuhangaika. Nagat aliniambia kwamba sasa umeme ukikatika mumewe haondoki kwenye kiti. Anabaki mbele ya kioo kilichokufa, mikono juu ya kibodi. Na vidole vinachapa.

Siku moja Nagat alimpelekea maji. Akayapokea bila kugeuka. Akanywa. Akanywa yote. Akaipindua glasi juu ya sinia, kavu.

"Mwambie yule wa kuja alete kahawa," alisema.

Chumbani hakukuwa na mtu mwingine.

Mdogo wangu alikuja kwangu peku, barabara nzima, mchana kweupe. Nilimshika mkono tukaenda moja kwa moja kwa Hajati Tafida. Nilijua atatutukana, na nilitamani atutukane. Nilitaka apige kelele, aite shekhe, afanye lolote ambalo mama hufanya mwanawe anapopotea. Nagat akamweleza yote, RAM na waridi na maji.

Hajati alichukua ufunguo. Alifungua chumba cha marehemu. Glasi ilikuwa pale kando ya kibodi, imejaa mpaka ukingoni. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya maji.

"Tangu Alhamisi ile hayapungui," alisema taratibu. "Nikadhani ameshaniaga."

Kisha akainua macho akaangalia dari. Juu yetu, kiti kilisogezwa. Na yule mama akatabasamu. Nimeona mabaya mengi maishani, lakini tabasamu lile ndilo linalonijia usingizini.

"Msiiguse," akanong'ona. "Niachieni mwanangu."

"Na Mamduh je?" Nagat aliuliza. "Mamduh ni mwana wa nani?"

Hajati akakifunga tena kile chumba.

Arobaini ikafika. Wanaume walikuwa hemani barabarani, wanawake tumejaa ukumbini kwa Hajati, na kahawa inazungushwa. Kahawa ya msiba kwetu haitiwi sukari. Hata mtoto analijua hilo. Ikinywewa tamu, ni kana kwamba unashangilia.

Mamduh akaingia kutusalimia. Akapewa kikombe, akaonja, akakunja uso. Akaenda kabatini, akatoa bakuli la sukari bila kuuliza lilipo. Kijiko kimoja. Cha pili. Cha tatu. Akakoroga, na ukumbi mzima ulisikia kijiko kikigonga kikombe.

Hajati aliinuka, machozi yanamtiririka, akambusu kichwani.

"Umerudi nyumbani," alisema.

Sikungoja kusikia zaidi. Nilipanda ghorofa ya tatu mbiombio. Mashine ilikuwa imezimwa na waya umechomolewa tangu asubuhi. Nikalifungua boksi, nikaing'oa RAM ya Rifaat. Ilikuwa ya moto. Niliigonga kwa mchi wa kitunguu saumu mpaka ikawa vipande, kisha nikageuka.

Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Sauti ilikuwa ya Mamduh. Ucheshi haukuwemo.

"Umechelewa," alisema. "Chukueni na hiyo mashine, wewe na yule wa kuja. Mimi nashuka kwa mama."

Na akashuka. Analala kwenye kile chumba mpaka leo. Nagat alihamia kwangu na begi moja, pamoja na kompyuta ya mumewe ambayo alikataa kuiacha.

Alhamisi iliyofuata nilimfuata Hajati makaburini. Ndiyo, nilimfuata, nilikuwa na hasira ya kutosha. Aligawa mikate yake mlangoni, na yule mtu mwenye sura ya Mamduh amesimama kando yake anambebea kikapu. Kikongwe mmoja akapokea mkate, akauliza kama wanavyouliza wote ili ajue amwombee nani.

"Kwa roho ya nani, mama?"

"Ya Mamduh," Hajati akajibu bila kusita. "Mwanangu mdogo. Mungu amrehemu."

Na aliyebeba kikapu akaitikia, "Amina."

Nilimlaani mama yule papo hapo, na sijajuta.

Kompyuta iko kwangu, kwenye chumba anacholala Nagat. Niliifungua mwenyewe, nikamulika na tochi. Ndani kuna RAM moja. Nafasi ya pili iko wazi, ina vumbi. Lakini kila tukiiwasha inahesabu kumi na sita. Girgis alikuja, akaangalia, akafunga boksi, akaondoka bila kumaliza chai yake. Siku hizi akituona anavuka barabara.

Nagat hanisikilizi ninapomwambia tuitupe. Kila jioni anaweka glasi ya maji kando ya kompyuta, imejaa. Mwanzoni nilidhani anaipunguza yeye, kwa huzuni zake. Basi nikamchukua alale chumbani kwangu, nikafunga mlango ule na ufunguo nikaubana kifuani.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua. Hayakuwa yameisha. Yalibaki kidogo chini ya glasi, upana wa kidole, kama yanavyobaki kila asubuhi mpaka leo.

Hayo huyanywa Nagat.