Maoni kutoka Kibanda cha Dobi

Kila siku baada ya masomo, Kipenga alipitia kwenye kibanda cha mjomba wake, akaweka mkoba chini ya meza ya pasi na kuchukua simu. Mjomba alikuwa dobi, na huku akinyoosha mashati ya watu alikuwa akitoa maoni. Mikono yake ilikuwa na kazi, kwa hiyo mwandishi alikuwa Kipenga. Ukurasa wao mtandaoni ulikuwa na wafuasi wengi, na hakuna aliyepona humo: si makampuni ya simu yanayomaliza bando la mtu kabla hajalitumia, si wanasiasa wanaoahidi mpaka povu linawatoka.

"Andika," mjomba alisema, akinyunyiza maji kwenye kola. "Kampuni hii inatuona mabwege. Weka nukta. Hapana, weka alama ya mshangao, wasijidai hawajasikia!"

Jina la Kipenga alibandikwa na mjomba huyohuyo, kwa kuwa mtoto huyu hakuweza kukaa na jambo moyoni. Alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake. Sentensi ya mjomba ikiwa butu, aliinoa kimyakimya kabla ya kuichapisha. Ila kwenye habari, mjomba alikuwa na swali ambalo hakuchoka kuliuliza: "Umeona au umesikia?" Kama ni kusikia tu, haikuandikwa.

Jumamosi moja, viongozi wa mtaa walikuwa na mkutano kuhusu kubomolewa kwa soko, nao ulirushwa moja kwa moja mtandaoni. Kipenga aliufuatilia akiwa nyumbani. Mwenyekiti alipoanza tu kutaja vibanda vitakavyoondolewa, mtandao ukakatika. Kipenga alitoka nje, akainua simu juu, akazunguka nayo uwanja mzima. Wapi!

Baada ya muda mrefu, fundi wa mnara wa simu uliokuwa jirani na kwao alifika kwa pikipiki. Alikuwa baba wa rafiki yake mkubwa, na Kipenga alikuwa amekula nyumbani kwake mara zisizo na idadi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mtandao umekufa tangu saa ngapi?"

"Aa, zamani sana, baba. Tangu katikati ya mkutano."

Fundi alitikisa kichwa, akafunga mkanda wake kiunoni na kuanza kupanda mnara. Kipenga akampiga picha kwa simu, kisha akatimua mbio hadi kibandani.

"Mjomba! Wamezima mnara ili tusisikie habari za soko!"

Mjomba aliisimamisha pasi. "Umeona au umesikia?"

"Nimeona. Fundi amepanda, na alipopanda tu, mtandao ukakatika."

Maneno yalimtoka kwa wepesi. Alijua fika kwamba fundi alikuja mtandao ukiwa umeshakufa. Lakini habari ikielezwa hivyo ilikuwa imepooza. Ikigeuzwa kidogo tu, iliwaka. Mtandao uliporudi, waliichapisha pamoja na picha ya fundi akiwa juu ya mnara. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ulirudi mara fundi aliposhuka.

Habari ilisambaa kabla mjomba hajamaliza kunyoosha suruali. Kesho yake fundi alizomewa njiani. Mtu akavunja taa ya pikipiki yake. Kampuni, kwa kutaka kujisafisha, ikamsimamisha kazi mpaka uchunguzi ukamilike.

Shuleni, rafiki yake alihama dawati. Wakati wa mapumziko Kipenga alimfuata.

"Uliona nini siku ile?" rafiki yake aliuliza.

"Mjomba ndiye aliyetoa maoni yale."

"Nimekuuliza wewe."

Kipenga alitazama viatu vyake.

"Baba anashinda ndani," rafiki yake alisema. "Akisikia watu wanapita dirishani, anapunguza sauti ya redio." Kisha akaondoka.

Jioni ile mjomba alikuwa amechangamka. "Andika. Huyu fundi atueleze alitumwa na nani."

Vidole vya Kipenga havikwenda. Alianza kulia, na katikati ya kilio akasema yote: mtandao ulikatika mwanzo, fundi akaja baadaye.

Mjomba hakugomba. Alichomoa waya wa pasi, akafunga kibanda kabla ya saa yake na nguo za wateja zikiwa zimerundikana. "Twende," alisema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Fundi aliwakaribisha sebuleni. Kipenga alipiga magoti, akaomba radhi.

"Kazini waliniuliza kama kuna shahidi," fundi alisema taratibu. "Nikasema hakuna. Sikutaka mtoto aliyekulia mikononi mwangu aitwe mbele ya watu wazima kuhojiwa. Nilidhani utakuja mwenyewe."

Mjomba alijifuta macho kwa kiganja, wala hakujificha.

Kesho yake walikwenda ofisini kwa kampuni, na Kipenga akaeleza alichokiona, kwa mpangilio wake. Ukweli pia walikuwa wameuchapisha ukurasani, mjomba akijitaja kuwa mkosaji kwa kutohakikisha. Fundi alirudishiwa kazi yake. Lakini habari ya kweli haikuwa na moto, na wachache ndio walioisambaza. Wengine waliandika kwamba dobi amehongwa. Mtaani fundi aliendelea kuangaliwa kwa jicho la pembeni, mpaka akaomba uhamisho.

Siku ya kuhama, Kipenga alimkuta rafiki yake akipanga masufuria kwenye lori.

"Baba amekusamehe," rafiki yake alisema.

"Na wewe je?"

Rafiki yake alifunga kamba ya mzigo, akaikaza. "Mimi bado." Akapanda mbele, akaketi kati ya wazazi wake.

Lori lilipoondoka, mjomba alimshika Kipenga bega.

"Mpwa wangu, maoni ni yako. Mkasirikie mwanasiasa, iseme kampuni mpaka uchoke, hakuna atakayekuzuia. Lakini kilichotokea si chako. Kilimpata mtu, na ni chake. Ukikigeuza ili kinoge, umemwibia, na vitu vya namna hiyo havirudishwi vyote. Na mimi nimekosa pia. Nilikuuliza swali, lakini jibu lilinifurahisha mno, sikuuliza la pili."

"Nifanye nini sasa, mjomba?"

"Useme kweli, hata ikiwa haina utamu. Na umwandikie rafiki yako. Asipojibu, usimlaumu."

Kipenga alimwandikia jioni ileile. Ujumbe ulifika, ukasomwa, na hakukuja jibu.